Mwaka Doto Alipozaliwa Kariakoo

Nilikuwa nimeinamisha kichwa nasukwa, kwenye saluni moja ya ghorofani hapa Kariakoo, niliposikia sauti ambayo sikutegemea kuisikia tena duniani. Ilitoka kwenye simu ya dada aliyekuwa akisubiri zamu yake. "Mnashangaa nini?" ilisema ile sauti, nzito, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni. "Mimi tangu mwanzo nilimwita Kulwa. Mmeshawahi kuona Kulwa kazaliwa peke yake?" Zikafuata kelele za watu waliojazana chumbani, wakipiga makofi na viti, wakiita kwa pamoja, "Dotooo!" Msusi akanivuta nywele, ndipo nikajua nimegeuka. Nikamuuliza yule dada ameitoa wapi. "Mtandaoni, anti. Inazunguka kila mahali. Eti kuna jamaa zamani alikuwa anatafsiri filamu hivi kwenye kibanda umiza. Watu wanaitafuta yote hawaipati, wanasema hii tamu kuliko yenyewe." Nikauliza, na huyo jamaa mwenyewe je? Akainua mabega. "Nani anamjua, anti? Labda alishakufa." Nikarudisha kichwa mahali pake. Kipande kile nilikirekodi mimi. Na jamaa yule alipoteza kazi na heshima yake kwa kosa langu, nililolijua, nikalinyamazia kwa miaka yote hii.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, na nilijiona mtaalamu. Nilikuwa nimemaliza kozi ya kompyuta ya miezi mitatu, na cheti nilikitundika ukutani juu ya mashine, mahali ambapo kila aliyepanda ngazi angekiona kabla hajaniona mimi. Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya kwanza, nyuma kidogo ya Mtaa wa Msimbazi, juu ya duka la vitambaa. Kilikuwa na viti vya plastiki arobaini, feni mbili ambazo moja ilikuwa ya kutazamwa tu, mapazia mazito ya kuzuia jua, na televisheni kubwa ya mgongo uliotuna iliyokaa juu ya meza kama bibi harusi. Pembeni ya televisheni palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda alikaa Kaka Shomari na maiki yake. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, kwenye kibanda cha mbao chenye kompyuta. Kazi yangu ilikuwa kupokea filamu, kuzipanga, kuzirusha kwenye televisheni, kurekodi sauti ya Shomari ikiwa juu ya picha, na kunakili CD za kuuza. Vijana wa leo nikiwaeleza kwamba watu walikuwa wanapanda ngazi saa nane mchana, wengine wameacha meza zao sokoni chini ya ulinzi wa jirani, kuja kumsikiliza mtu mmoja akiwatafsiria filamu, wananitazama kwa huruma.

Shomari alikuwa mtu wa Lindi, mrefu, mwenye kanzu moja nzuri ya Ijumaa na mashati matatu ya siku nyingine. Kiingereza alikijua cha kuombea maji. Kikorea hakukijua kabisa, na hakulificha hilo. Watafsiri wengine walikuwa wanatazama filamu nyumbani kwanza, wanauliza wenye shule, wanaandika kwenye madaftari. Yeye alikataa. Alikaa nayo mbele ya watu, mara yake ya kwanza na yao ya kwanza, akasoma nyuso. "Maneno yanadanganya, Salome," aliniambia siku moja tukila mihogo ya kukaanga kwenye ngazi, kachumbari ikitutiririkia vidoleni. "Mtu anaweza kusema nakupenda, macho yanasema nipishe nipite. Mimi natafsiri macho." Nilimcheka. Nikamwambia kwenye kompyuta hatuna kitu kama hicho, ni sifuri na moja tu. Naye akanicheka, na mhogo wa mwisho akauchukua yeye.

Mama Hansa ndiye aliyekuwa mwenye jengo na mwenye duka la vitambaa chini. Alikuwa mjane, na kila siku ifikapo saa nane alimwachia binamu yake kaunta, akapanda ngazi polepole na birika la chai ya maziwa na kopo la chevda, vile vitafunio vikavu vya Kihindi. Kiti chake kilikuwa cha mbele kushoto, na ole wake aliyekikalia. Alitujuza tangu mwanzo kwamba yeye ametazama filamu za Kihindi tangu akiwa binti, kwa hiyo katika mambo ya kulia hatumwezi. Alimwita Shomari "mwanangu" na mimi aliniita "binti wa mashine." Nikisikia leo mtu akibishana kama Wahindi na Waswahili wa mji huu waliishi pamoja au kandokando, hukumbuka lile kopo la chevda likipita kutoka kiti hadi kiti gizani, kila mtu akichota kwa mkono wake, na likimrudia mwenyewe tupu.

Mwaka ule ndio simu za tachi zilipoanza kumwagika Kariakoo. Nilinunua moja, ya rangi ya zambarau, na kwa kweli nilichanganyikiwa nayo. Kila nilichokuwa nikijiuliza tangu utotoni nilikiuliza ile simu: kwa nini bahari ina chumvi, pundamilia ana mistari mingapi, watu wa Korea wanakula nini asubuhi. Bando likiisha nilihisi nimefungiwa nje. Basi wakati ule ule, mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akienda China kufuata mizigo alituletea flashi yenye tamthilia mpya ya Kikorea, sehemu kumi na sita, maandishi ya Kichina chini. Nilizipakia mkono mmoja, mkono mwingine umeshika simu. Nikakata nyimbo za mwanzo, zile zinazokuja na majina ya waigizaji na namba ya sehemu, ili mafaili yaenee kwenye CD. Hiyo ilikuwa desturi yangu, na nilijisifu kwayo. Kisha nikayapa majina upya kwa mpangilio ule ule niliouona kwenye kioo, la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la kumi na sita. Sikuyatazama. Nilikuwa nasoma habari za pundamilia.

Tamthilia ilihusu kiwanda cha familia kinachotengeneza mchuzi wa soya, chenye mitungi mikubwa ya udongo iliyopangwa uani. Kijana anarudi kutoka jeshini. Binti anaonja mchuzi kwa kidole. Shomari, kama kawaida ya watafsiri wote, aliwapa majina yetu: binti akamwita Tatu, na kijana akamwita Kulwa, kwa sababu tu asubuhi ile alikuwa amekunywa chai na fundi cherehani wa jina hilo. Siku ya pili, ghafla, Kulwa na Tatu wakawa wamevishana pete. Chumba kikaguna. "Sasa mlitaka muonyeshwe kila kitu?" Shomari akauliza kwenye maiki. "Mwaka umepita. Uchumba hautangazwi redioni." Watu wakacheka, wakakubali. Akawabeba hivyo siku hadi siku, na siku ya nane Kulwa akafa. Alifia hospitali, mkono wake ndani ya mkono wa Tatu, na Shomari akasema maneno machache sana, akaacha kinywa wazi mbele ya maiki mpaka tukasikia pumzi zake. Mama Hansa alijifunika uso kwa ncha ya sari. Muuza mitumba mmoja, baba mzima, alitoka nje akidai moshi umemwingia machoni, na hapakuwa na moshi.

Kesho yake chumba kilijaa mpaka kwenye ngazi. Nikabonyeza. Na nani anaingia kiwandani, mzima, begi begani? Kulwa. Nilisimama kule nyuma. Shomari alinyamaza, nadhani kwa sekunde tano, na sekunde tano za kimya mbele ya watu themanini ni nyingi. Kwenye picha, Tatu aliinua macho kutoka kwenye mtungi, akamtazama yule mwanamume, akainamisha kichwa kidogo. Hapo ndipo Shomari aliposema yale maneno ya Kulwa kutozaliwa peke yake, na chumba kikalipuka kwa jina la Doto, pacha amfuataye Kulwa, kabla hajalitamka. Alipowatuliza, akaongeza, kwa sauti ya chini, "Tazameni macho ya Tatu. Sura anaijua. Mtu hamjui. Huyu binti hamjui huyu mwanamume." Wakanyamaza, wakatazama, wakaona kweli hamjui.

Watu walipotoka nilifungua flashi. Nilitaka kujua, udadisi wangu ndio ulionituma. Mafaili ya asili yalikuwa pale yakinitazama: moja, kisha kumi, kumi na moja, kumi na mbili, mpaka kumi na sita, na baada ya kumi na sita ndipo mbili, tatu, nne. Kompyuta haihesabu kama mtu. Inaangalia tarakimu ya kwanza tu, na kumi inaanza na moja, basi inaiweka karibu na moja. Kozi nzima ya miezi mitatu hawakunifundisha hilo, au walifundisha siku ambayo sikuwepo. Tulikuwa tumewaonyesha watu mwisho, na sasa tunawaonyesha mwanzo, na Shomari amekwisha kuzaa pacha kuziba pengo langu. Nikatazama cheti changu ukutani. Nikafunga kompyuta nikaenda zangu kwa miguu mpaka Mnazi Mmoja, nikakaa kwenye ukingo wa bustani na kujiambia nitamwambia kesho. Kesho yake watu walikuwa wengi kuliko jana.

Na kusema kweli, ilikuwa tamu. Hilo nalikiri bila aibu. Shangazi mbaya, ambaye tulishamwona akifungwa jela, alionekana sokoni akichagua kabichi, na Shomari akasema ametoka kwa msamaha, "kwani Korea nao hawana Siku ya Uhuru yao?" Kila siku nilijua kinachokuja na yeye hakujua, na bado alikipata. Tamthilia ya asili ilikuwa ya msiba. Yetu ilikuwa ya mjane anayejifunza kucheka tena na pacha wa marehemu, na siku ya mwisho wakasimama kati ya mitungi wakivishana pete, kwa maana hiyo ilikuwa sehemu ya tisa. Mama Hansa alinunua CD nzima, seti mbili. "Moja ya kutazama," akasema, "na moja ya kukaa nayo."

Mwezi ulipita. Neema alikuwa msichana wa chuo aliyeuza makava ya simu chini ya jengo letu, na alikuwa mteja wetu wa dhati. Mchana mmoja alipanda na simu yake mkononi, kabla hatujaanza. "Kaka Shomari, samahani. Nimeipata yote mtandaoni, ina maandishi ya Kiingereza. Mbona Kulwa anakufa mwisho? Anakufa, inaisha. Doto hayupo." Hakuwa na nia mbaya, binti wa watu. Alikuwa na udadisi tu kama mimi. Watu wakamzunguka. Nikiukumbuka mwaka ule, hiyo ndiyo picha inayonijia kwanza: vichwa ishirini vimeinamia kioo kidogo kama kiganja, na televisheni yetu kubwa inawaka nyuma yao bila mtu wa kuitazama. Kulwa akafa tena, mdogo, kiganjani mwa Neema. Kisha kicheko. Wangekasirika ingekuwa afadhali. "Njia ya mwongo fupi!" mmoja akapiga kelele. "Jamani, tumelishwa matango pori!" Mama Hansa alisimama peke yake. "Mimi nimeona macho ya yule binti," alisema. "Hamjui yule mwanamume. Mimi nimeona." Hakuna aliyemsikiliza.

Shomari hakucheka wala hakujitetea. Alinigeukia mimi, juu ya vichwa vya watu wote. "Salome. Wewe ndiye unayezijua hizi mashine. Ni kweli iko hivyo?" Aliniuliza kwa unyenyekevu, kama mtu anayemuuliza daktari. Mlango ulikuwa wazi kabisa na ningeweza kupita. Maneno mawili yangetosha: nilikosea kuzipanga. Nikatazama cheti changu. Nikasema, "Ndivyo inavyoonekana, Kaka." Akaitikia kwa kichwa, akakaa kwenye kigoda chake.

Aliendelea wiki kadhaa. Lakini alianza kutazama filamu kabla, akimuuliza huyu na yule, na kwenye maiki likaingia neno ambalo hakuwa nalo: labda. Labda amekasirika. Labda ni mama yake. Hakuna anayepanda ngazi saa nane ya jua la Dar es Salaam kufuata labda. Siku moja kigoda kilikuwa kitupu, maiki imezungushiwa waya wake vizuri. Na sisemi kwamba kibanda kingepona. Mwisho wa mwaka nusu ya wateja wetu walikuwa na simu zao, kila mmoja anatazama chake, saa yake, kwa lugha aitakayo, na huwezi kumlaumu mtu kwa kutaka hivyo. Mimi mwenyewe niliishia kufanya kazi ya kutengeneza simu. Intaneti ingekiua kile chumba cha viti arobaini hata bila mimi. Lakini Shomari angeondoka akijijua ni nani. Nilimwacha aondoke akiamini kwamba macho ya watu hayakuwahi kumwambia kitu, kwamba miaka yote alikuwa anabahatisha.

Nilipotoka saluni, kichwa kimenivuta kwa misuko mipya, nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Hansa. Bado yupo, bado jengo ni lake, magoti yamegoma tu. Nilimkuta na visikilizi masikioni, anatazama kitu kwenye simu, birika la chai kando na kikombe kimoja. "Sasa natazama kila kitu," aliniambia. "Dunia nzima ipo humu. Lakini nikilia hakuna anayeniona." Nikamuuliza kama anajua Shomari yuko wapi. Akaweka simu chini. "Kila Diwali hunipigia kunitakia heri. Ana duka la vifaa vya ujenzi Kigamboni, si mbali na kivuko. Na wewe, binti wa mashine, hukuwahi kuniuliza." Nilivuka kwa kivuko cha Magogoni mchana ule ule. Nilihofia kwamba nikilala nitajiambia kesho.

Alikuwa nyuma ya kaunta anapima misumari, mvi zimemjaa, miwani puani. "Shikamoo, Kaka Shomari." "Marahaba." Kisha akanitambua, akaachia kicheko. "Salome wa kompyuta! Karibu, karibu." Nilikataa soda kabla hajaiagiza, kwa sababu nilijua nikishaanza kunywa soda yake sitasema. Nikachukua kalamu, na juu ya boksi la misumari nikaandika namba kwa safu, jinsi kompyuta ilivyozipanga. Moja. Kumi. Kumi na moja. Mpaka kumi na sita, kisha mbili. Nikamweleza. Alifuata kwa kidole, akarudia, akasimama kwenye mbili.

"Nilikuuliza mbele za watu," akasema.

"Uliniuliza, Kaka."

"Ukasema ndivyo."

"Nilisema. Nilijua, na nilisema. Niliogopa."

"Miaka yote hii, Salome, mke wangu akinuna siulizi ana nini. Najiambia, wewe Shomari huwezi kusoma uso wa mtu." Akavua miwani. Sikuwa nimewahi kumwona na hasira, na sikujua kwamba akikasirika sauti inashuka. Nililia, na hakunibembeleza, na alikuwa na haki. Mteja akaja kutaka bati mbili, akampeleka nyuma, wakakaa huko. Nilidhani hatatoka mpaka niondoke. Alipotoka alikuwa anafuta mikono.

"Ile siku Doto alipoingia kiwandani," akaniuliza, "ilikuwa sehemu ya ngapi?"

"Ya pili."

"Kwa hiyo yeye na Tatu…"

"Ndiyo kwanza walikuwa wanaonana, Kaka. Hawajawahi kuonana."

Aliketi juu ya mfuko wa saruji. Kisha akainyooshea mkono simu yangu. "Unayo humo?" Nikaitafuta. Ipo, kila kitu kipo siku hizi, sehemu ya pili, safi kuliko tulivyowahi kuiona. "Zima sauti," akasema. Nikazima. Akaiegemeza simu kwenye kopo la rangi, akavaa miwani, akasogeza uso. Kijana akaingia, begi begani. Binti akainua macho kutoka kwenye mtungi.

"Hamjui," Shomari akasema. Hakuweka labda.

Yule mteja wa bati alikuwa bado anasubiri mkokoteni mlangoni. Akasogea, akachungulia juu ya bega lake. "Nani huyo, mzee?"

Shomari alinitazama, mara ya kwanza tangu nilipomaliza kumweleza. Kisha akairudia simu, na sauti ikatoka ile ile, nzito, yenye mkwaruzo mwishoni.

"Anaitwa Doto," akasema. "Ndugu yake tumemzika jana. Vuta ndoo hiyo ukae."